Mimi na Mama

Simu ya video kutoka Ujerumani iliingia saa nane mchana, wakati mji wetu wa Lafey mzima, watu na mbuzi, umejibana vivulini. Binamu yangu alikuwa ameoa huko, na mama mkwe wake alitaka kutusalimia. Mkalimani nikawa mimi, kwa sababu niliwahi kusoma Kijerumani miezi miwili Nairobi na tangu hapo sijaacha kujisifu.

Bibi huyo akauliza habari zetu. Nikataka kumwambia nasikia joto. Kwa Kiswahili joto husikiwa; kwa Kisomali joto humshika mtu; Mjerumani naye husema "mir ist heiß", yaani kwangu kuna joto. Lugha zote tatu zinaliona joto kama mgeni anayepita tu. Lakini mimi, msomi, nikaziruka na kupitia Kiingereza cha shuleni, "I am hot", nikageuza neno kwa neno: "Ich bin heiß."

Mjerumani akisikia hivyo, anaelewa kwamba umeshikwa na ashiki.

Kimya. Nikadhani mtandao umekwama, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Binamu aliponifafanulia, huku machozi ya kicheko yakimtoka, niliapa kuachana na Kiingereza. Na kweli, Kiswahili kilinibeba. Bibi alipoona bakuli la basbaas, pilipili yetu, kando ya wali, nikamwambia ni kali: "scharf". Sawa! Kisu cha kuchinjia, "scharf". Sawa tena! Mbwa wa jirani, "scharf", na hapo pia Mjerumani husema vivyo hivyo. Nikaona nimevumbua kamusi mpya, kali moja kwa scharf moja, na kazi imekwisha.

Ndipo bibi akauliza kuhusu mama yangu, aliyeketi wima kando yangu. Nikajibu kwa fahari kwamba mama ni mkali sana: "Meine Mutter ist sehr scharf."

Mzazi mkali ni "streng". Mwanamke akiitwa "scharf" mitaani kule, anasifiwa kwa mambo ambayo mwana hayataji kwa mamake. Binamu alitoweka kwenye skrini. Nilisikia kiti kikianguka.

"Hooyo," mama akaniita, maana mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina lake mwenyewe la umama, "umemwambia nini?"

"Nimemwambia wewe ni mkali."

Akauweka sawa ushungi wake, akamtazama bibi bila kupepesa.

"Vizuri. Ajue mapema."