Gigabaiti Nne za Mateso

Laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti nne. Muuzaji pale Kariakoo aliniapia kwamba zinatosha kabisa kwa kazi za ofisini, na hakusema uongo: ofisi nyingi ninazozijua, ukiingia unaambiwa usubiri.

Nikiiwasha tu, sijafungua hata faili moja, zaidi ya nusu ya RAM imeshaliwa. Walaji ni mfumo endeshi wenyewe, programu ya kuzuia virusi, na kidubwana fulani kinachojisasisha kila siku bila kunieleza kimepungukiwa nini. Mimi niliyetoa hela ndiye ninayeambulia makombo.

Hapo bado sijagusa intaneti. Siku hizi vivinjari hutenga kumbukumbu kwa kila ukurasa, ili mmoja ukianguka usiangushe na wenzake. Wazo zuri, kwa mwenye mashine ya kulibeba. Mimi nikifungua barua pepe, gazeti na matokeo ya ligi (hayo sifungi, Yanga wanacheza), RAM inajaa, na mfumo unaanza kuhamishia mizigo kwenye diski. Diski yenyewe ni ile ya zamani, ya kuzunguka. Krr, krr, krr. Ni kama konda anayemshusha abiria wa mbele ili ampakie wa nyuma, halafu anakumbuka hajamdai nauli yule wa mbele, anarudi kumfuata.

Mwisho wa krr hizo ni skrini ya bluu, na Kiingereza cha kistaarabu kinachoniarifu kwamba kifaa changu kimepata tatizo. Changu! Kilipokuwa kinakula RAM kilikuwa cha nani?

Fundi ana dawa moja kwa maradhi yote: zima, washa. Nilipombana aniongezee RAM, akafungua mfuniko, akaguna. Chipu zimechomelewa kwenye bodi, hakuna pa kuongeza. "Nunua nyingine tu, mkuu." Mkuu wa nini, sijui.

Kinachoniuma zaidi ni mwezi. Mwaka 1969 kompyuta iliyowaongoza Armstrong na Aldrin kushuka kule ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti nne hivi. Zikiwa zimebaki dakika chache watue, ikazidiwa, ikatoa tahadhari namba 1202. Haikuganda. Ilijiwasha upya papo hapo, ikaacha kazi zisizo na haraka, ikashikilia zile za kutua, na watu wakafika salama. Yangu ina kumbukumbu mara milioni moja ya ile, na ikizidiwa inatupa makala yangu na kubaki na tangazo la sasisho jipya.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda kununua ya mtumba, mwambie muuzaji afungue mfuniko mbele yako uone kama RAM inaongezeka. Akianza kukuapia, shika mfuko wako uende duka linalofuata.