Ndugu wa Mgonjwa Yuko Wapi?

Ukitaka kujua kama wewe ni mgeni Newala, achana na pasipoti. Ugua.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Kisauni, nimeletwa huku juu, kusini mwa Tanzania, na mashine za kubangulia korosho. Nikiwa mzima sina ugeni wowote. Nakula kisamvu, nabishana Simba na Yanga, na wanaocheka lafudhi yangu huchoka wakaendelea na mambo yao. Juzi homa ikanikamata usiku na tumbo likafuata. Asubuhi nikajipakia kwenye bodaboda hadi hospitali ambayo sitaitaja jina, maana bado naihitaji.

Mapokezi wakanidai namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Sina, mimi Mkenya. Dada wa dirishani akanikodolea macho kama naye namdai. "Mkenya gani anaongea Kiswahili hiki?" Nikamwonyesha pasipoti, akaifungua, akaigeuza, akamwita mwenzake naye aje aione. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna.

Bima je? Ninayo, ya nyumbani. Mwaka 2024 Kenya iliizika NHIF ikatuletea SHA, na makato hayajawahi kusahau mshahara wangu hata mwezi mmoja. Tatizo ni kwamba yakifika mpakani Lunga Lunga yanageuza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kazi Julai 2010, na kwa itifaki hiyo mimi navuka, na bidhaa zinavuka. Homa yangu ndiyo haikuwekewa kifungu. Nikalipa taslimu. Hilo silinung'unikii sana. Dirisha la malipo halijali mtu katoka wapi.

Kilichonimaliza kilikuja baadaye. Daktari, kijana mpole, akasema malaria hakuna, ila nimeishiwa maji mwilini, bora nilazwe nitundikiwe dripu. Nesi akaja na kalamu. "Kaka, ndugu wa mgonjwa yuko wapi?"

"Niko peke yangu, dada."

Hakuandika. Akasubiri, nadhani akitegemea nitakumbuka.

Nilielewa nilipofika wodini. Daktari anapima, nesi anachoma sindano, na yote yaliyobaki ni kazi ya ndugu. Dawa ikikosekana, ndugu anakimbia duka la dawa. Shuka analeta ndugu, na chai, na ndoo ya maji. Na maji ya Newala, msomaji, ni kesi nyingine: mji umekaa juu ya mlima, maji yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na pampu nazo huugua. Kwetu hospitali ya serikali hukupa uji. Mbaya, lakini unapewa.

Kitanda cha jirani alilala mzee wa Kimakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nchi ambayo hata kwenye Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki haimo. Akiumwa sana analalamika kwa Kireno. Lakini mzee huyo alikuwa na dada, wapwa, mkwe, na vijana wawili ambao kazi yao ilikuwa kukaa tu. Wajerumani na Wareno waliufanya mto ule kuwa mpaka mwaka 1886. Ukoo wake haukuulizwa, na haukujali. Mimi mwana Jumuiya halali, Kiswahili ndicho nilichozaliwa nacho, nimelala natazama dari. Nani mgeni hapo?

Dada yake mzee, mama mmoja wa kanga na sauti, akanionea huruma. Akafungua hotpoti, akachota uji wa mtama, akafuta ukingo wa kikombe kwa ncha ya kanga, akanikabidhi. Uji ulikuwa mtamu. Bei yake ilikuja baada ya funda la tatu. Mke unaye? Mbona hajaja? Umeharisha mara ngapi tangu alfajiri? Nilimjibu kwa kunong'ona, yeye akayarudia majibu kwa sauti ili mkwe wake asikie. Daktari alipopita raundi jioni, mama alimweleza hali ya tumbo langu kabla sijafungua mdomo, na daktari akayaandika maelezo ya mama.

Tatizo ni kwamba eneo hili limezoea mgeni wa namna nyingine. Ndanda, hospitali ilijengwa na Wabenediktini. Lulindi, huko Masasi, alifika Mwingereza Leader Stirling mwaka 1935 akapasua watu kwa miaka mingi, akachukua uraia, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa nchi hii. Mgeni mwenye stetoskopu haulizwi ndugu. Mgeni aliyelala chali na dripu mkononi hakuwamo kwenye mpango.

Niliruhusiwa nikiwa nimepona tumbo, na wodi nzima inajua kwa nini sijaoa tena.

Kwa hiyo, waheshimiwa wabunge wa Afrika Mashariki mnaokaa Arusha, bima ya kuvuka mpaka tutaisubiri, hatuna haraka, tumezoea. Wakati tunasubiri, mwenye shangazi Newala au Masasi ambaye hana kazi nyingi aniazime. Nauli yake juu yangu. Awe na hotpoti yake, na ikiwezekana awe mzito kidogo wa kusikia.