Simba Hamtambui Bosi

Nchi nzima inatutania Wachaga kila Desemba, na utani wenyewe hauna uongo. Mabasi ya Moshi yanajaa, LATRA inakemea wanaopandisha nauli, na barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu inakuwa na magari ambayo mwezi Julai ungeyaona Kariakoo. Tunakwenda kufungua nyumba. Mtu amejenga kihambani, kwenye shamba la ukoo, nyumba ya vyumba sita, bati la rangi, vigae hadi barazani, halafu inalala kimya miezi kumi na moja ikimsubiri yeye na mbuzi wake wa Krismasi.

Wanaotutania wanasahau kitu kimoja: nyumba hiyo si tupu. Ina kijana wa kuiangalia, na ina mbwa. Wa kwetu anaitwa Simba, kama nusu ya mbwa wote wa mlimani. Kazi yake ni kumbwekea kila asiyekuwa kijana, na mshahara wake ni dona na dagaa. Anamfahamu mama anayepita na mzigo wa majani ya ng'ombe, anamfahamu mtoto wa jirani, anaifahamu bodaboda ya katekista kwa mlio. Wengine wote ni wezi mpaka ithibitike vinginevyo. Kisha, ndani ya wiki moja, wezi wote wanakuja kwa pamoja, wana funguo, na kijana anawabebea mabegi.

Kaka yangu mkubwa ndiye anayetuma hela ya chakula cha Simba kila mwisho wa mwezi. Kwa hesabu zake, yeye ni baba wa mbwa yule. Alifika usiku, amechoka, zaidi ya kilomita 500 toka Dar es Salaam, akashuka garini amefungua mikono: "Simba! Simba baba, njoo!" Simba akaja. Hakuitambua sauti, hakulitambua gari, na muamala wa simu hauna harufu. Kijana alipotoka na tochi alimkuta Kaka amesimama juu ya boneti, suruali imebaki ya mguu mmoja na nusu, mke na watoto wakichungulia vioo vikiwa vimefungwa.

"Shikamoo bosi," kijana akasema. "Usimwangalie machoni."

Tulicheka, lakini si mara moja, maana jino lilikuwa limegusa ngozi ya mguu. Hapo ndipo utani unapokaa pembeni. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni karibu kifo cha hakika. Kinga ipo kabla ya dalili, si baada. Jeraha linaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo, hata kama mwenye mguu anadai anataka kula kwanza. Kisha hospitali. Shangazi alishika kipande cha sabuni ya mche akamwosha Kaka mguu bombani kama mtoto wa chekechea, huku akimuuliza kijana ilipo kadi ya chanjo ya mbwa. Kadi ikatafutwa kabatini, jikoni, bandani. Ilikutwa ndani ya kitabu cha nyimbo, ukurasa wa nyimbo za Krismasi, imegongwa muhuri na haijapita mwaka. Sijawahi kuona karatasi ikipokelewa kwa vigelegele namna ile. Kaka alipelekwa hospitali hata hivyo, na Simba akawekwa chini ya uangalizi wa siku 10 kama inavyotakiwa, akala vizuri kuliko siku zote, na hakuonekana kujutia chochote.

Kesho yake akaingia Prinsesi.

Prinsesi ni wa binti wa shangazi. Ana manyoya marefu meupe, ana utepe kichwani, na hajawahi kukanyaga udongo. Alipanda mlimani kwa gari pamoja na familia, akiwa ameshiba wali na soseji kabla ya safari kwa kuwa "njia ni ndefu, atasikia njaa." Matokeo yalionekana Mombo, juu ya kitenge kipya cha binti huyo. Mbwa anayesafiri hashibishwi kabla ya kuondoka. Anapewa maji, anateremshwa anyooshe miguu, na haachwi ndani ya gari lililofungwa mkiwa mnakula kuku Korogwe, kwa sababu jua la Desemba kule chini hugeuza gari kuwa tanuri kabla hamjaletewa bili.

Mchana wa Krismasi wazee walikaa barazani na mbege. Kwa asiyeijua: ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa, zikatiwa ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Ni tamu, ni nzito, na inapowekwa chini ndani ya kata, urefu wake unalingana kabisa na pua ya Prinsesi. Hakuna aliyemwona akinywa. Tulimwona akitembea. Alikwenda kuelekea migombani akaishia ukutani, akakaa, akaangalia mlima kwa heshima kubwa. Binti akapiga yowe. Pombe ni sumu kwa mbwa, na kwa mbwa wa ukubwa wa kibuyu haihitajiki nyingi. Tukampigia bwana mifugo. Nyuma ya sauti yake palisikika kwaya, watoto na sufuria.

"Amekunywa kata ngapi?"

"Hatujui, daktari."

"Na mwenye kata anasemaje?"

Mwenye kata, Babu Mdogo, alisema kata ilikuwa imejaa. Bwana mifugo akaacha sahani yake, akaja na pikipiki. Prinsesi akapona, akalala hadi siku ya pili. Babu Mdogo alitaka kujua ni nani atakayemlipa mbege yake.

Na huyo huyo Babu Mdogo ndiye aliyeonewa tena jioni. Mbuzi kwetu hagawanywi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, kwa umri na kwa ukoo, na watu wazima wamewahi kununiana miaka kwa kipande kilichopotea njia. Kipande cha Babu Mdogo kiliwekwa kwenye sinia, sinia juu ya kigoda, na Simba, aliyekuwa amefunguliwa na mtoto wa Kaka kwa huruma za Krismasi, akapita nacho migombani. Baraza likanyamaza. Kijana, ambaye nadhani ana akili kuliko sote, akaenda kwenye ua wa kihamba, akakata jani la sale, akalifunga shingoni mwa Simba na kumleta mbele ya mzee. Sale ndilo jani la kuombea msamaha Uchagani, na likishaletwa halikataliwi. Babu Mdogo akaliangalia jani, akamwangalia mbwa, ambaye bado alikuwa anajilamba.

"Nimesamehe," akasema. "Lakini mwambieni mwakani aanze na wa mjini."

Tuliogopa zaidi kuhusu mifupa. Watu huona ni ukarimu kumrushia mbwa mabaki ya pilau na mifupa ya kuku. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, vikakwama kooni au kutoboa utumbo. Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa na paka, na chokoleti wanayopakia watu wa mjini ina kemikali ambayo mwili wa mbwa hauiondoi haraka kama wetu. Kwa hiyo dona lake ni dona lake, hata siku ya sikukuu.

Paka wetu simsemi sana. Alipanda mti wa Krismasi uliopambwa pamba kuwa theluji, wakati dirishani Kibo imesimama na barafu yake halisi kwenye mita 5,895 bila mtu kuitazama. Akatafuna waya wa taa, tukauchomoa ukutani, basi.

Balaa lenyewe ni mkesha wa mwaka mpya. Polisi hukataza kuchoma matairi na kufyatua fataki ovyo, na kila mwaka saa sita usiku mlima mzima unajibu kwa pamoja: kengele, honi, sufuria, tarumbeta za usharika, na watoto wa jirani wenye baruti zao. Sisi tunasikia hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mbwa anafika 45,000 na kupita, na hana kalenda ya kumwambia kwamba ni furaha. Mbwa wengi hukata kamba usiku huo na kupotelea korongoni. Kijana hakungoja. Saa nne alimtembeza Simba mpaka akachoka, akamfungia stoo pamoja na magunia yake anayolalia, akaziba dirisha kwa blanketi na kuwasha redio ya kwaya kwa sauti ya juu. Yeye mwenyewe akakaa humo humo na sahani yake. Kaka alipotaka kuingia kuwapa heri ya mwaka mpya, Simba alibweka.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayepanga kupanda mlimani, mbwa wa nyumbani achanjwe Novemba, na kadi ipigwe picha ibaki kwenye simu yako. Ukifika getini usiku, kaa garini hadi kijana atoke akutambulishe. Kata ya mbege iwekwe juu ya meza. Na umtumie bwana mifugo wa kata yenu salamu za sikukuu mapema, kwa sababu tarehe 25 naye yuko kwao anakula.