Hongera kwa Mtungi, Jirani

Hongera, jirani, kwa kompresa ya lita 200. Tairi la boda yako linataka upepo 30 hivi. Mtungi huo ungewafaa wenye malori wanaopanga foleni Mpondwe kuvukia Kongo. Dukani Kasese uliuliza ina farasi wangapi, ukauliza na rangi nyingine kama zipo. Inatoa lita ngapi za upepo kwa dakika, swali la kwanza la mpiga rangi yeyote wa magari, hukuuliza. Mto Mubuku unatuzalishia umeme hapo juu, lakini ukikatika, wewe na farasi wako mnakwenda kwa kijana wa pancha mwenye pampu ya mguu. Na ile vali ya chini ya kutolea maji haikuwekwa kwa urembo. Kutu inakushukuru.