Ngamia Hawafanyiwi Majaribio

Kitabu cha Excel nilichokabidhiwa kiwe mwongozo wa darasa kilianza na zoezi la kujumlisha chupa za mvinyo zilizouzwa katika miji minne ya Ulaya. Darasa lenyewe ni chumba cha kukodi mjini Garissa, feni moja, joto la kuivisha mayai. Wanafunzi wakatazamana. Mzee mmoja, dalali wa mifugo, akauliza kwa upole: "Mwalimu, hii haramu tukishaijumlisha, dhambi inaingia safu gani?"

Nikafunga kitabu. Nikawaambia kesho kila mtu aje na daftari lake. Soko la mifugo la Garissa ni mojawapo ya makubwa Afrika Mashariki, na siku yake ni Jumatano, kwa hivyo madaftari hayakukosekana: mbuzi, ngamia, madeni, nambari za simu.

Balaa likaanza na simu. Mama anayeuza maziwa ya ngamia aliingiza nambari za wateja wake, na kila akibonyeza Enter, sifuri ya mbele inayeyuka. Excel iliziona ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi. "Mwalimu, hii kompyuta yako inakula!" Dawa yake ni kuanza na alama ya ritifaa ('), ili nambari ihesabiwe kuwa maandishi.

Halafu mbuzi. Dalali aliandika umri wao, miaka 2-3, na mara mbuzi wote wakawa wa tarehe 2 Machi. Nikamtuliza kwamba hata wakubwa yamewafika: mwaka 2020 wanasayansi walibadilisha majina ya jeni kadhaa za binadamu kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza tarehe. MARCH1 sasa inaitwa MARCHF1.

"Yaani wao ndio walibadilisha jina, si kompyuta?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hii si mashine, ni karani. Mimi na ndugu zangu wote, kwenye vitambulisho tumezaliwa tarehe 1 Januari."

Lakini kilele kilikuwa siku ya kupanga majina kwa alfabeti. Kijana mmoja alichagua safu ya majina peke yake, akabonyeza A hadi Z. Kompyuta ikamuuliza kama safu za pembeni nazo zifuate. Akakataa bila kusoma, kama tunavyokubali masharti ya simu bila kusoma. Majina yakapanda na kushuka, mifugo ikabaki pale pale. Aliyekuwa na mbuzi wawili akawa tajiri wa ngamia kumi na wanne. Dalali akatafuta jina lake, akalikuta mbele ya kondoo mmoja.

"Adeer, ami yangu, ni mazoezi tu," kijana akajitetea.

"Mazoezi? Huku watu wamepigana kwa ngamia wachache kuliko hao!"

Chumba kizima kikajifunza Ctrl+Z kwa sekunde moja, na hadi leo hakuna anayegusa safu moja bila kuangalia za jirani. Mvinyo wa Ulaya ungechanganywa hivyo, hakuna ambaye angeinua macho.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukitaka kuijua Excel, anza na daftari lako mwenyewe la madeni, maana kosa utaliona kabla mwalimu hajaliona. Ila tengeneza nakala kwanza. Ngamia wa watu hawafanyiwi majaribio.