Helmeti, Wavu na Geti

Jino la beki wetu wa kulia lilipotua kwenye majani ya nepia kando ya uwanja, timu nzima ya hoki ya wazee wa Jumamosi ililitafuta kwa bidii ambayo haijawahi kuutafuta nayo mpira. Jioni hiyo tukaazimia kwa kauli moja, yeye akiunga mkono kwa kutikisa kichwa: hakuna kulinda kona fupi tena uso ukiwa mtupu.

Uwanja wetu hapa Githongo, ulio ndani ya ua wa shule, ni malisho kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Nyayo za ng'ombe zikikauka, mpira uliokuwa ukitambaa huruka ghafla hadi usawa wa pua. Nao ni gramu 156 hadi 163 za plastiki ngumu. Kona fupi inawataka walinzi wasiozidi watano, kipa akiwemo, wajipange nyuma ya mstari wa goli, kisha wautokee mbio huo mpira ambao mtu mwenye akili timamu angeukimbia. Sheria za kimataifa zinawaruhusu kuvaa maski kwa kazi hiyo. Avtar Singh Sohal, beki na nahodha aliyeiongoza Kenya kushika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, simjui kwenye picha ila akiwa uso wazi. Lakini naamini huko Barcelona hakuna ng'ombe aliyelala uwanjani.

Mimi nilianza na helmeti ya bodaboda, ya kuazima. Ilinukia mafuta ya nywele ya abiria wa kata nzima. Kioo kiliingia ukungu kabla hata sijapumua vizuri, na kwa kuwa ukingo wake wa chini hukuzuia kuona miguu yako, mpira wa hoki, ambao makao yake ni miguuni, ukawa ni habari ya kusimuliwa. Nilipotoka kando ya barabara kupata hewa, mama mmoja akanitwika gunia la viazi na kuniuliza kwenda Kariene ni pesa ngapi.

Maski ya plastiki angavu iliyoagizwa Nairobi ilikuwa nzuri kweli: nyepesi, inakaa vizuri usoni. Ila ilikuwa ya mtoto, na baridi ya huku mlimani iliigeuza dirisha la bafu.

Vijana walitucheka sana. Wacheke tu. Hata Jacques Plante, kipa wa hoki ya barafu wa Montreal, kocha wake alimruhusu maski mazoezini tu, mpaka tarehe 1 Novemba 1959 alipopasuliwa uso New York na kukataa kurudi golini bila hiyo maski.

Basi nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Wavu wa chuma hauingii ukungu, na unapumua bila kuomba ruhusa. Fundi akanipima uso kwa futi ya dirisha, akauliza kama nataka maua. La muhimu, nikamweleza, ni matundu: mpira una kipenyo cha zaidi ya sentimita 7, kwa hiyo tundu la 5 litauzuia, lakini ncha ya gongo itapita na kukutoa jicho. Akabana nondo. Ndani nikashonea sponji, maana chuma kikigusa pua moja kwa moja ni afadhali mpira. Kinga ya meno ya mpira nikaivaa vilevile, kwani wavu haumzuii mtu kugonganisha taya na bega la mwenzake. Rangi ilikuwa ile iliyobaki kwenye geti la mtu: kijani, na juu dhahabu.

Jumamosi iliyofuata wapinzani wakapata kona fupi. Refa akalalamika kwamba maski inapaswa kuwa ya rangi moja, nikamwomba atazame upande wa kijani. Shuti likaja, likapiga chuma katikati ya paji. Sikuumia hata kidogo, ila ulitoka mlio wa geti linalogongwa kwa nguvu. Mlinzi wa shule, akidhani ni mwalimu mkuu, akakimbia kufungua, na ng'ombe waliokuwa wakisubiri nje wakaingia wote kabla hatujaamua kama lile lilikuwa goli.