Heri Gari Linalochemsha

Wapo waliosifu pesa, wapo waliosifu tembo, na wapo wanaosifu wakubwa kila siku kwa malipo kidogo. Mchemko wa injini haujapata hata mmoja wa kuusimamia. Katika barabara kuu ya A1, kutoka Kitale kupitia Kapenguria, Kainuk, Lokichar na Lodwar hadi Kakuma na Lokichoggio, jina lake hutajwa kwa matusi tu. Dereva wa lori kuukuu la dizeli huulaani akiwa ameinama chini ya boneti, mwenye lori huulaani kwa simu akiwa kivulini Eldoret, na mtalii aliyegeuza lori chakavu la Ulaya kuwa nyumba yenye kitanda na jiko huulaani kwa Kijerumani. Ni haki mtu mmoja autetee. Hoja yangu ni hii: kati ya wote wenye mamlaka katika barabara hiyo, mchemko ndio pekee usiosema uongo, usiopokea kitu kidogo wala kusoma barua ya mkubwa, na wanaoulaumu kwa hasara zao wanamhukumu shahidi kwa kosa la mshtakiwa.

Tuanze na ukoo, maana anayesifiwa huulizwa kwanza ametoka nyumba gani. Rudolf Diesel alitamani injini ambayo ingetumia joto vizuri kiasi cha kutohitaji kupozwa. Ile ya kwanza ya majaribio, iliyojengwa Augsburg mwaka 1893, haikuwa na koti la maji. Ndoto hiyo haikudumu. Zilizofuata zilivishwa maji, na ile iliyopimwa mwaka 1897 na kumpatia sifa iligeuza takriban asilimia 26 tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Lori kuukuu la leo limeendelea kidogo, lakini mgawo haujabadilika sana: katika kila lita tatu za dizeli, moja husukuma gari, moja hutoka na moshi, na ya tatu huwa joto ambalo maji, oili na hewa lazima viliondoe. Chukua lori lenye uzito wa tani 20 pamoja na mzigo, likipanda kutoka Lodwar, mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, hadi Kapenguria, zaidi ya mita 2,000. Kazi ya kulinyanyua hizo mita 1,500 peke yake, ukiacha ukinzani wa matairi na upepo, huingiza katika mfumo wa kupoza joto la kutosha kugeuza karibu lita 100 za maji kuwa mvuke. Joto hilo halikuletwa na jini wa njiani. Mwenye gari alilinunua mwenyewe kituo cha mafuta, na risiti anayo.

Ukoo huo mkubwa umepata makao yanayoufaa. Rejeta haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuipa hewa joto la maji, na uwezo wake hutegemea pengo lililopo kati ya hivyo viwili. Maji ya injini yakiwa nyuzi 90 na hewa ya Kitale ikiwa 20, pengo ni nyuzi 70. Lodwar, ambako mchana hupita nyuzi 35 bila kuombwa, tuseme 38, pengo ni 52. Rejeta ni ileile na feni ni ileile, lakini robo ya uwezo imeshapotea kabla mtu yeyote hajakosea. Kisha kuna upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya upo mlango ambamo upepo wa kusini-mashariki hubanwa na kushika kasi. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani, ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme. Barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma inaelekea kaskazini-magharibi, kulekule unakokwenda upepo. Lori la mwendo wa kilomita 50 kwa saa, likisukumwa mgongoni na upepo wa kilomita 30, linapata usoni hewa ya kilomita 20 tu. Dereva hufurahia kusaidiwa huku rejeta ikikosa pumzi. Akigeuza kurudi, upepo huohuo humkabili: injini inataabika, lakini rejeta inapumua. Asiyejua hili atashangaa kwa nini gari lake lilichemsha safari ya kwenda, kwenye tambarare, bila mlima wa kusingizia. Anayejua huondoka Lodwar kabla ya mapambazuko, hufunga kiyoyozi, na upepo ukiwa nyuma hupunguza mwendo badala ya kuuongeza.

Mchemko pia ni mwalimu. Karo yake ni kubwa, lakini hajapata mwanafunzi aliyesahau somo. Humwinamisha bwana mkubwa mbele ya rejeta, tochi mkononi, naye huona alichopita mara elfu bila kukitazama: katikati ya vipezi vyembamba kumejaa vumbi lililoshikana na oili iliyovuja, mbegu za nyasi, mabawa ya panzi, tabaka zito kama blanketi ambalo hewa haipiti. Humfundisha kuliosha kwa maji ya nguvu kidogo, kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa kuwa maji ya kasi hulaza vipezi na kuziba kilichokuwa wazi. Humtuma akaguse mkanda wa feni, akazungushe feni kwa mkono injini ikiwa ya moto na imezimwa. Feni yenye klachi ya mafuta mazito ikizunguka kwa ulaini kama haijashikwa na kitu, mafuta hayo yamekwisha vuja. Humwonyesha kifuniko cha rejeta, kitu cha kushikwa kwa vidole vitatu. Kifuniko kizima, cha shinikizo la paundi 15, huyazuia maji ya Lodwar yasichemke hadi karibu nyuzi 120. Mpira wake ukifa, maji hayohayo huchemka kwenye nyuzi 98. Wengi wamefungua injini nzima kutafuta ugonjwa uliokuwa kwenye kifuniko hicho.

Somo lake la mwisho ni la maji yenyewe, na hapa Turkana ni chuo kikuu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi, kaskazini-magharibi mwa kaunti, kuna hazina kubwa ya maji. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba maji ya kisima cha majaribio yana chumvi nyingi mno kunyweka. Rejeta nayo ina koo. Maji ya chumvichumvi ya visima huacha gamba jeupe ndani ya mirija yake, na gamba hilo huzuia joto kutoka hata kama nje pamesafishwa vizuri. Kwa hiyo anayejali hubeba maji yaliyochujwa chumvi na kulanti iliyochanganywa tayari, naye huhifadhi maji ya kisima kwa dharura, kisha akiyatumia huyamwaga na kuusuuza mfumo mara afikapo mjini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mchemko hausubiri sifa, huyadai maji wenyewe, na huyataka yaliyo safi.

Anayetaka kujua thamani ya mpiga kelele akaishi na mnyamavu, yaani giaboksi ya otomatiki. Gari likizama katika mchanga wa laga, yaani mto wa msimu, magurudumu yakienda polepole na injini ikinguruma, oili ya giaboksi huvurugwa bila kupumzika na joto lake hupanda haraka kuliko la maji. Magari mengi ya zamani hayana hata mshale wa kulipima. Mbaya zaidi, oili hiyo mara nyingi hupozwa kwa kupitishwa kwenye tangi la rejeta, hivyo injini ikipata homa huiambukiza. Mafundi wana kanuni yao kwamba kila nyuzi 10 juu ya kiwango cha kawaida hukata umri wa oili kwa nusu. Giaboksi haitoi mvuke wala mlio. Siku moja gia zinateleza, oili iliyokuwa nyekundu imekuwa kahawia na inanuka kuungua, na safari imekwisha. Dawa yake inajulikana: kipimo cha joto la oili, kipozeo chake cha pekee chenye feni, gia nzito kabla ya kuingia mchangani, na baada ya mchanga kusimama gia ikiwa huru, injini ikinguruma taratibu, hadi oili izunguke na kupoa. Yote hayo ni kujaribu kumpa mnyamavu huyo sauti ambayo injini ilizaliwa nayo.

Mpinzani atasema: sifa hizi anaweza kuzitoa asiyelipa. Silinda hedi ikipinda au gasketi ikiungua, oili kwenye kijiti inatoka nyeupe kama maziwa, na mwenye lori anahesabu vipuri, usafiri wa vipuri kutoka Eldoret, fundi na siku za kulala Kakuma. Ni kweli, lakini tumuulize mchemko ulianza kusema lini. Mshale hupanda polepole; huvuka kiwango cha kawaida kabla ya kufika kwenye alama nyekundu. Injini iliyosikilizwa hapo, ikapunguziwa gia na mwendo, ikawashiwa hita ili joto litokee ndani ya kebini, haifiki kwenye gasketi. Iliyokufa ni ile ambayo mshale wake uliharibika mwaka juzi na haukutengenezwa, au iliyofunguliwa kifuniko kwa pupa maji ya moto yakamrukia tanboi usoni, au iliyomwagiwa maji baridi ikiwa inaunguza, chuma kikapasuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na baada ya kuvunjika humshtaki mkuu.

Pingamizi la pili ni zito, nami silifanyii mzaha. Kati ya Kainuk na Lokichar kusimama kando ya barabara kunaweza kugharimu zaidi ya injini. Mnamo Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo, kuwa maeneo ya misukosuko na hatari kwa sababu ya ujambazi. Kumwambia dereva akae kivulini nusu saa akingoja injini ipoe ni rahisi kwa anayeandika mezani. Hapo sifa za mchemko zina mpaka, na mpaka huo unaonyesha wapi pa kuanzia: somo la barabarani linapaswa kusomwa mjini. Kifuniko, mkanda, gamba na mzigo hukaguliwa Lodwar au Kapenguria, kwenye watu na mwanga. Dereva anayelazimika kuchagua kati ya kuunguza injini na kusimama penye bunduki aliwekwa katika uchaguzi huo na mtu mwingine, siku kadhaa nyuma.

Wengine hupendekeza njia ya mkato: toa thamostati, maji yazunguke muda wote, shida iishe. Kifaa hiki, ambacho mara nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, hulazimisha maji kupita kwa utaratibu. Kikitolewa, katika injini nyingi sehemu ya maji huzunguka njia fupi bila kupita kwenye rejeta kabisa, na asubuhi ya baridi ya Kapenguria injini husaga ikiwa haijapata moto. Wengine husema nunua gari jipya lenye kompyuta. Hilo nalo hupata joto, ila halisemi kwa mvuke. Hukata nguvu na kuwasha taa, kisha linangoja mashine ya kulisoma, ambayo aghalabu iko mbali na Kakuma. Lori kuukuu linamweleza ugonjwa wake fundi yeyote wa jua kali mwenye spana na masikio.

Na tusidhani joto ni adui wa Turkana kwa asili. Mafuta ghafi yaliyogunduliwa kisima cha Ngamia-1 Machi 2012 yana nta nyingi, na yakipoa hugandamana. Yalipoanza kusafirishwa kwa malori kwenda Mombasa Juni 2018, ilibidi yasafirishwe katika matangi yanayotunza joto. Gharama ya kuhifadhi joto la mzigo ililipwa na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa joto hilo lilikuwa na bajeti. La injini halina bajeti. Mwenye mali hupakia tani zaidi ya kibali, hupanga saa ya kufika kwa kuangalia kalenda badala ya jua, huahirisha kuosha rejeta hadi mwezi ujao, kisha gari likichemsha humkata dereva mshahara.

Basi haki ikitendeka, mchemko upandishwe cheo: uwe mkaguzi wa kwanza wa lori kabla halijatoka, na aulizwe mwenye lori, wala si dereva, rejeta ilifunguliwa lini, kifuniko kina umri gani, na ratiba ile aliipanga nani. Akijibu vizuri, mkaguzi huyo hatakuwa na la kusema kati ya Lodwar na Kakuma. Akibabaika, akumbushwe kwamba swali hilohilo ataulizwa tena njiani, na huko halijibiwi kwa maneno.